Sanduku la kufuli tatu: tathmini baada ya miezi 18 katika klabu yetu ya mbio

Bidhaa ninayoiandikia hapa ni ya kawaida kabisa kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha VICOBA, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana: sanduku la chuma lenye sehemu tatu za kufuli, pamoja na vijitabu vya wanachama, muhuri, kidau cha wino, mabeseni mawili ya kuhesabia fedha na kikokotoo. Sisi si VICOBA. Ni klabu ndogo ya jogging ya Temeke, watu 24, tunaokimbia kila Jumapili alfajiri na kunywa chai pamoja baada ya mbio. Tulilinunua sanduku hili baada ya ugomvi wa fedha uliokaribia kutuvunja, na ninaliandikia kwa kipimo kimoja tu, yaani jinsi linavyosaidia watu wanaofahamiana kumaliza mabishano juu ya fedha zao za pamoja. Kama unatafuta kifaa cha kuzuia wezi, ziko bidhaa nyingine zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ni lazima nieleze ugomvi wenyewe, kwa sababu bila kuufahamu msomaji hataelewa kwa nini ninalipatia sanduku alama ninazolipatia. Kabla ya sanduku, kila mwanachama alikuwa akichangia shilingi 2,000 kwa wiki, na fedha zote zilikaa kwenye laini ya simu ya mweka hazina wetu, dada mmoja mchangamfu ambaye hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Wiki ya 12 mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, tukataka kutoa rambirambi, na mweka hazina akasema kwamba zilizopo ni shilingi 341,000. Watu wakapiga hesabu papo hapo: watu 24, shilingi 2,000, wiki 12, jumla 576,000. Hadi jioni ile kundi letu la WhatsApp lilikuwa limejaa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mfiwa mwenyewe alikuwa akiyasoma akiwa matangani.

Mjumbe wa shina letu, mzee mwenye subira ya ajabu, alituita nyumbani kwake watu watatu pamoja na mweka hazina, akatukalisha jamvini na kutuambia tusiondoke mpaka hesabu ieleweke. Tulikaa saa nne. Tuligundua kwamba shilingi 120,000 zilikuwa zimelipwa kwa fundi kama malipo ya awali ya jezi, kwa idhini ya mwenyekiti iliyotolewa kwa mdomo njiani wakati wa mbio. Tuligundua pia kwamba kulikuwa na michango 43 isiyolipwa, sawa na shilingi 86,000, ambayo wengi wa wasiolipa waliamini kwa dhati kwamba wameilipa. Makato ya kutuma na kutoa fedha yalikuwa kama shilingi 11,000. Zikabaki 18,000 ambazo hazikupata maelezo, kwa sababu laini ile ile ilikuwa ndiyo laini yake ya matumizi ya nyumbani, na hakuna mtu duniani anayeweza kukumbuka kila shilingi iliyopita kwenye laini ya namna hiyo kwa miezi mitatu.

Dada yule alizilipa zile 18,000 palepale, akilia, akaacha nafasi yake na baadaye akaiacha klabu. Bado hajarudi. Mimi ndiye katibu, na nilipaswa kusema siku ile kwamba hapakuwa na ushahidi wowote wa yeye kuchukua kitu, kwamba klabu nzima ndiyo iliyomkabidhi kazi isiyowezekana. Sikusema. Tangu siku ile ninaamini kwamba katika klabu ndogo wizi hutokea mara chache sana kuliko kusahau, na kwamba kusahau kukikutana na fedha kunazaa tuhuma zinazouma sawasawa na wizi.

Hicho ndicho kipimo changu. Sanduku lilipimwa kwa swali hili: je, linawaondolea watu haja ya kukumbuka peke yao?

Wazo la kununua lilitoka kwa mama mmoja wa klabu ambaye yuko kwenye kikundi cha akiba huko Mbagala. Utaratibu wa sanduku wanaoutumia wao, na karibu vikundi vyote vya aina hiyo Afrika Mashariki, una asili yake nchini Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuwasaidia wanawake wa vijijini kuboresha michezo yao ya upatu, chini ya jina la Kihausa Mata Masu Dubara, lenye maana ya wanawake wenye mbinu. Mtindo huo ulisambaa nchi nyingi, Tanzania Bara na Zanzibar zikiwamo, na VICOBA zetu ni tawi la mti huo. Ninaitaja asili hii kwa sababu inaeleza umbo la kifaa: kilibuniwa kwa ajili ya wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo kila kitu ndani yake kinafanya kazi kwa kuonekana, kusikika na kuhesabiwa hadharani. Watu wa mjini wenye simu kubwa wakilidharau sanduku kwa sababu ni la zamani, wanaudharau ubora wake mkuu.

Tulikwenda kwa mafundi wa chuma wa Gerezani, Kariakoo, tukaagiza. Sanduku lenyewe lilitugharimu shilingi 70,000, kufuli tatu 24,000, vijitabu 24 vya wanachama 36,000, muhuri na wino 20,000, mabeseni mawili 6,000 na kikokotoo 10,000. Jumla ni 166,000. Kila mmoja wetu alitoa 7,000, na zile 2,000 zilizobaki ndizo zilizokuwa fedha za kwanza kuingia ndani. Bei hutofautiana kulingana na unene wa bati na fundi unayemkuta, lakini sidhani kama klabu yoyote ya watu 20 inaweza kusema kwamba haiwezi kumudu.

Kuhusu ubora wa utengenezaji, nina malalamiko mawili ambayo mnunuzi yeyote anapaswa kuyajua. La kwanza ni bawaba. Sanduku letu lilikuja na bawaba zilizochomelewa kwa nje upande wa nyuma, pini zake zikiwa wazi, na mwenzetu mmoja anayefanya kazi ya kuchomelea alilitazama kwa dakika moja tu kisha akatuonyesha kwamba kwa nyundo ndogo na msumari angeweza kuzitoa pini zote na kuuinua mfuniko kutoka nyuma, huku kufuli tatu za mbele zikiwa zimefungwa vizuri kabisa. Fikiria tungeligundua hilo baada ya fedha kupungua: tungewashika washika funguo watatu wasio na hatia. Tulilirudisha kwa fundi, naye akachomelea ncha za pini bila kudai fedha ya ziada, jambo ambalo ninamshukuru, lakini hakupaswa kulitoa dukani likiwa vile.

La pili lilinishtua zaidi. Kufuli tatu tulizonunua zilikuwa za aina moja, kutoka duka moja, na tulipozijaribu nyumbani ufunguo wa kwanza ulifungua pia kufuli ya tatu. Kufuli za bei nafuu zina tofauti chache sana za meno ya funguo, kwa hiyo zikitoka katoni moja ni rahisi kupata mbili zinazofanana. Mfumo mzima wa sanduku umejengwa juu ya kanuni kwamba watu watatu lazima wawepo, na sisi tulikuwa karibu kuanza na watu wawili bila kujua. Tulibadilisha kufuli moja kwa nyingine ya aina tofauti, tena ya duka tofauti. Jaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli kabla ya kulipa. Muuza duka akikukasirikia, mwache akasirike.

Sasa niseme jinsi linavyofanya kazi, kwa kuwa sanduku bila utaratibu wake ni bati tu. Washika funguo watatu hawawi viongozi. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina hawaruhusiwi kushika ufunguo hata mmoja. Mweka hazina hukaa na sanduku nyumbani kwake lakini hawezi kulifungua. Jumapili baada ya chai tunakaa kwa mduara, kila mmoja kwa namba yake, washika funguo wanafungua mbele ya wote, na vijitabu vinagawiwa, kwa maana vijitabu vyote vinalala ndani ya sanduku na hakuna anayeruhusiwa kwenda nacho nyumbani. Mwanachama akiitwa namba anakwenda mbele, anataja kwa sauti idadi ya hisa anazonunua, kuanzia moja hadi tano kwa shilingi 2,000 kila moja, anaweka fedha kwenye beseni, wahesabu wawili wanazihesabu kwa sauti, na mimi ninagonga muhuri mmoja kwa kila hisa. Nafasi ambazo hazikununuliwa zinapigwa mstari ili mtu asiziongezee muhuri baadaye. Shilingi 500 za mfuko wa msaada zinaingia kwenye beseni la pili, la rangi nyingine, na katika sanduku zinalala kwenye mfuko wake wa kitambaa.

Hatukuweka riba kwenye mikopo tunayopeana kutoka kwenye akiba hiyo. Wenzetu wengi ni Waislamu na riba ni jambo wasilolikubali, na waliobaki hawakuona sababu ya kulazimisha. Mkopaji anarudisha alichokopa, na mwisho wa mzunguko kila mtu anachukua akiba yake kwa hesabu ya mihuri. Vikundi vinavyotaka faida itawabidi wawe na hesabu nyingine juu ya hii.

Lakini sehemu ambayo ninaipenda kuliko zote, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani ya fedha tulizotoa, inakuja mwishoni. Kabla ya kufunga, wahesabu wanatangaza kiasi kilichomo katika kila mfuko, tuseme akiba 1,432,000 na msaada 187,500, na kila mtu anatakiwa kukishika kichwani. Wiki inayofuata, kabla kufuli haijaguswa, mwenyekiti anauliza: "Tuliacha shilingi ngapi?" Watu wanajibu kwa pamoja, kisha sanduku linafunguliwa, fedha zinahesabiwa, na hesabu inalinganishwa na sauti ile ya pamoja na daftari langu. Mara ya kwanza tuliona kama mchezo wa watoto wa shule. Baada ya wiki chache nilianza kuona kinachotendeka: kila Jumapili watu 24 wanakubaliana juu ya jambo moja lenye namba, wakati hakuna mwenye hasira, hakuna msiba, hakuna anayedai chochote. Ugomvi ukitokea, unakuta makubaliano yamekwisha kufanyika. Mwaka ule wa laini ya simu, tulianza kukubaliana siku ambayo tayari tulikuwa tumekasirika, tena mbele ya mfiwa.

Mara tatu mfumo huu umejaribiwa kwa kweli. Mwezi wa nne mwanachama mmoja alidai kwamba Jumapili mbili zilizopita alinunua hisa tano ilhali kijitabu chake kina mihuri mitatu. Zamani hilo lingetuchukua wiki nzima na marafiki wawili. Safari hii tulifungua daftari, tukaona kwamba siku ile zilitangazwa hisa 61, sawa na shilingi 122,000. Tukahesabu mihuri ya tarehe ile katika vijitabu vyote 24 na kupata 61. Kama kweli angelipa hisa tano, fedha zingezidi kwa shilingi 4,000, na hazikuzidi. Hatukuhitaji kumwambia kwamba anasema uongo, na hakuwa anasema uongo. Alikaa kimya kidogo, kisha akakumbuka mwenyewe kwamba siku ile alizirudisha mfukoni 4,000 kwa sababu alihitaji nauli ya kwenda Kigamboni. Dakika kumi hazikufika. Tukacheka, yeye akiwa wa kwanza, tukaendelea.

Jaribio la pili lilikuwa dogo: beseni la akiba lilipungua shilingi 2,000 kabla ya kufunga. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameondoka, tulirudia kuhesabu na kukuta noti mbili mpya za 2,000 zimeshikana. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha faida ya kuhesabu kila kitu kabla watu hawajatawanyika. Upungufu wa shilingi 2,000 ukigunduliwa Jumapili saa tatu asubuhi ni noti zilizoshikana. Ukigunduliwa Jumatano ni jina la mtu.

Jaribio la tatu tulishindwa, na hapa ndipo ninapopunguza alama. Mshika ufunguo mmoja aligombana na mwenyekiti juu ya rangi ya jezi mpya, na kwa Jumapili tatu mfululizo hakuja wala hakuutuma ufunguo. Akiba ya watu 24 ikawa mateka wa rangi ya jezi. Sanduku lililonunuliwa kumaliza ugomvi lilikuwa limetoa silaha mpya ya kugombania, na katiba yetu haikuwa na neno juu ya mshika ufunguo anayesusia. Mwishowe tulimwomba mjumbe wa shina awepo, na mbele yake na wanachama 19 tulikata kufuli moja kwa grenda, tukahesabu, tukakuta kila shilingi ipo, tukaweka kufuli mpya na kuchagua mshika ufunguo mwingine. Yule ndugu alirudi baada ya mwezi, tukapatana, naye anakimbia nasi mpaka leo. Kifungu kilichoongezwa kwenye katiba kinasema kwamba mshika ufunguo akikosa kikao kimoja bila kuutuma ufunguo anatozwa faini, na akikosa viwili nafasi yake inakuwa wazi na kufuli yake inabadilishwa kwa gharama yake. Kiandikeni kifungu hicho kabla hamjanunua sanduku.

Udhaifu mwingine ni wa dharura. Mwenzetu alifiwa usiku wa Jumatano, na mmoja wa washika funguo alikuwa amesafiri kwenda Kigoma kuwaona wazazi, ufunguo ukiwa kwenye begi lake. Mazishi yalifanyika Alhamisi alasiri. Tulichangishana upya kwa simu na mfuko wa msaada, uliokuwa na fedha za kutosha kabisa, ulibaki umefungwa hadi Jumapili. Niliona aibu. Siku hizi funguo za ziada ziko kwenye bahasha tatu zilizofungwa na kutiwa saini juu ya gundi, zikitunzwa na imamu wa msikiti wa jirani ambaye si mwanachama, na mtu anayesafiri anakabidhi ufunguo wake kwa mbadala aliyeandikwa daftarini. Mweka hazina pia anashika nje ya sanduku shilingi 50,000 za mfuko wa msaada, zisizozidi hapo, kwa ajili ya usiku wa namna hiyo. Ndiyo, hizo 50,000 ziko mikononi mwa mtu mmoja. Tulilijadili jambo hili kwa muda mrefu na tukaona kwamba mfiwa asiyepata kitu ni hasara kubwa zaidi.

Kisha kuna wingi wa fedha. Sanduku la bati linatosha kulaza shilingi laki kadhaa. Mzunguko wetu wa kwanza ulipokaribia kuisha, mikopo ilikuwa imerudi na ndani mlikuwa na zaidi ya milioni tatu, na mume wa mweka hazina alituambia waziwazi kwamba nyumbani hawalali. Alikuwa na haki. Miezi miwili ya mwisho tulizipeleka fedha kwenye akaunti ya kikundi benki, kwa saini tatu, na sanduku likabaki na vijitabu na mfuko wa msaada. Mzunguko wa pili tumefanya hivyo mapema zaidi, mara tu akiba inapovuka kiwango tulichokiandika.

Deni ni jambo ambalo sanduku haliligusi kabisa. Mtu akikopa 200,000 na kushindwa kurudisha, mihuri inaonyesha akiba yake na daftari linaonyesha deni lake, lakini hakuna kufuli inayoweza kulikusanya. Tunaye mmoja. Tulikubaliana naye kwamba alipe kidogo kidogo na kilichobaki kikatwe kwenye akiba yake siku ya mgao. Mkopo usiozidi akiba ya mkopaji ndiyo dawa pekee tuliyoipata, ingawa inawanyima fedha wale wanaozihitaji zaidi, nami sijaridhika nayo.

Wengi huniuliza kwa nini tusitumie simu tu, hasa kwa vile tangu mwaka 2019 iko huduma ya M-Koba, iliyoanzishwa na Vodacom Tanzania pamoja na Benki ya Posta, inayotenga fedha za kikundi na laini binafsi ya mtu na kuwatumia wanachama ujumbe fedha zinapoingia au kutoka. Kwa kweli huduma ya namna hiyo ingetuepusha na nusu ya masaibu ya dada yetu, na kwa kikundi ambacho watu wake wametawanyika mikoa mbalimbali sioni njia nyingine ya busara. Mimi mwenyewe niko kwenye kikundi cha ukoo kinachotumia simu na sina malalamiko. Tofauti ninayoiona ni ya wakati na mahali pa kuuliza. Ujumbe unamkuta mtu yuko peke yake, kwenye daladala au kitandani, na swali lake analiandika, na swali la fedha likiandikwa linasomeka kama shtaka hata kama mwandishi hakukusudia. Kwenye mduara wa Jumapili swali lile lile linaulizwa kwa sauti na uso, na jibu lake liko mezani ndani ya beseni. Klabu ambayo tayari inakutana kila wiki ana kwa ana, kama yetu, ingekuwa inaipoteza bure nafasi hiyo.

Jambo la usajili lisisahauliwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya kijamii vya akiba na mikopo katika daraja la nne, na usajili wake unafanyika kupitia halmashauri. Sisi tulipoanza kukopeshana tulimwendea afisa maendeleo ya jamii wa kata, na faida tuliyoipata haraka kuliko zote ilikuwa kulazimika kuandika katiba inayosomeka: nani ana mamlaka ya kuidhinisha matumizi, mgogoro unapelekwa kwa nani kwanza, aliyejitoa katikati ya mzunguko anapewa nini na lini. Kama idhini ya zile 120,000 za jezi ingehitaji mstari mmoja wenye saini tatu, dada yetu angekuwa nao mkononi jioni ile. Katika katiba yetu mgogoro unaanzia kwa wanachama watatu wasiohusika, unakwenda kwenye kikao cha wote, kisha kwa mjumbe wa shina na afisa wa kata, na Mahakama ya Mwanzo iko mwisho kabisa. Mpaka sasa hatujavuka ngazi ya mjumbe.

Alama yangu ni nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa ajili ya ufunguo, wa Kigoma na ule wa jezi, kwa sababu ni udhaifu ulio ndani ya wazo lenyewe wala si kosa la fundi. Bawaba na kufuli zilizofanana sikuzihesabu, maana zinaweza kurekebishwa siku ileile ya kununua.

Kwa anayekwenda kununua wiki hii: nunua kufuli kwanza, kutoka maduka mawili au matatu, uzipeleke kwa fundi ili apime matundu ya kuzipitisha kwa unene wake halisi, kwa sababu yetu yalibana na ilibidi yapanuliwe. Mwambie bawaba ziwe ndani. Agiza sanduku lenye urefu wa kutosha kulaza daftari kubwa bila kulikunja. Wino uwe ule usiofutika kwa maji. Wa kwanza tuliopewa ulisambaa kwenye karatasi kwa jasho la mikono, na kwa watu wanaotoka kukimbia kilomita nane hilo halikuchukua hata mwezi kujitokeza. Vijitabu nunua vitatu zaidi ya idadi yenu. Na msikubali muhuri wa nyota au wa tiki unaouzwa kila duka la vifaa vya ofisi. Chongesheni wenu, wenye alama ambayo hakuna mwingine anayo, kisha uwe unalala ndani ya sanduku pamoja na fedha.